Farasi Akikohoa, Sheria Humtazama Mwenye Farasi

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1956 ilifanyika Melbourne, Australia, kuanzia Novemba. Mashindano ya farasi ya Olimpiki hiyohiyo yalikuwa yameshamalizika Stockholm, Sweden, tangu Juni. Si kwamba Waaustralia walikosa uwanja. Sheria yao ya karantini iliwataka farasi wanaotoka nje wakae kizuizini miezi sita, na serikali ikakataa kuilegeza hata kwa wageni wa Olimpiki. Mwaka 2008 mambo yakajirudia kwa sura nyingine: Olimpiki ilikuwa Beijing, farasi wakashindania Hong Kong, ambako udhibiti wa magonjwa ya farasi uliweza kuthibitishwa na wageni wakauamini.

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Farasi wetu ni wa kuhesabika: wale wa Jeshi la Polisi tunaowaona kwenye shughuli kubwa, na wachache wa watu binafsi. Jiji hili ni la bodaboda na bajaji. Lakini sheria ya magonjwa haimtazami farasi peke yake. Farasi, punda, baghala na pundamilia ni ukoo mmoja, na ugonjwa unaomwangusha mmoja huwapitia na wengine, hata kama hauwaui. Punda peke yao Tanzania ni zaidi ya 600,000, wa kubeba maji, kuni, mahindi na matofali. Ukishawaingiza hao kwenye hesabu, jambo hili linaacha kuwa la matajiri wa mbio za farasi.

Basi ugonjwa wa kuambukiza wa farasi unazuiwaje kwa sheria? Kirusi hakisomi Gazeti la Serikali. Anayelisoma, au anayesomewa na ofisa mifugo, ni mtu. Nionavyo mimi, sheria hizi zote, ziwe za London, Sydney au Dodoma, zina kibarua kimoja kigumu: kumfanya mwenye mnyama aseme mapema, saa ileile ambayo mfuko wake unamwambia anyamaze. Vibali, karantini, kuchinja na fidia vinaning'inia hapo.

Ugonjwa unapitia wapi

Amri za sheria hazieleweki mpaka ujue ugonjwa unasafiri vipi. Chukua mafua ya farasi. Haya huenda kwa pumzi na kikohozi, na ndani ya siku moja hadi tatu farasi wa jirani naye ana homa. Kirusi kinaweza pia kupanda gari bure kwenye ndoo, lijamu, burashi au mikono ya mhudumu. Farasi mwenye nguvu huugua, akapumzishwa, akapona. Wanaokufa wengi ni watoto, wazee, na wale wanaoendelea kufanyishwa kazi wakiwa wagonjwa. Mwaka 1872 ugonjwa huu ulianzia Toronto, Kanada, na katika miezi michache ukawa umeenea Amerika ya Kaskazini. Moto mkubwa ulipoiwakia Boston Novemba mwaka huo, magari ya zimamoto yalivutwa na watu, kwa sababu farasi walikuwa hoi mabandani.

Glandasi ni kitu kingine kabisa. Hii inaletwa na bakteria, inapita kwenye makamasi na vidonda, na inapenda sana birika la maji linalotumiwa na wanyama wengi. Haina chanjo. Mbaya zaidi, humwambukiza binadamu na kumuua.

Halafu kuna homa ya farasi ya Afrika, ambayo ndiyo yetu, ya bara hili. Farasi wawili wanaweza kulala banda moja, mmoja mgonjwa na mwingine mzima, wasiambukizane kwa kugusana. Mchukuzi wa kirusi ni usubi, wale wadudu wadogo wa jioni wanaouma utafikiri ni cheche. Farasi wasio na kinga wanaweza kufa zaidi ya 7 katika kila 10, na ikija aina yake kali ya mapafu, kupona ni bahati. Punda wa Afrika mara nyingi hupata homa ya kupita. Pundamilia haonyeshi chochote: anakula majani, anapiga kwato, na damu yake ina kirusi.

Kwa hiyo amri inayofaa ugonjwa mmoja inaweza kuwa kichekesho kwa mwingine. Kuwatenganisha farasi kwa ukuta kunasaidia kwenye mafua. Usubi hauujali ukuta.

Mtu wa kwanza kujua

Daktari wa mifugo si wa kwanza kujua. Wa kwanza ni yule anayeamka alfajiri kumwekea punda maji na kukuta pua inachuruzika, masikio yamelala, majani ya jana hayajaguswa. Hapo ana njia mbili. Anaweza kumwita ofisa mifugo, na kazi ikasimama siku hiyohiyo. Au anaweza kumfungia punda mkokoteni, au kumfikisha mnadani kabla jua halijapanda. Mnyama anayejulikana kuwa mgonjwa hana bei. Mnyama mgonjwa ambaye hajajulikana ana bei kamili.

Ndiyo maana karibu kila sheria ya magonjwa ya wanyama huanza na wajibu wa kutoa taarifa, na huuweka wajibu huo kwenye kushuku tu. Huambiwi usubiri uhakika. Ukishuku, unasema, na baada ya kusema unamtenga mnyama mpaka mtaalamu aje. Mwanasheria atakwambia kwa nini: sheria ingesubiri uthibitisho wa maabara, kila aliyenyamaza angejitetea mahakamani kwamba hakuwa na uhakika.

Asiyesema anatozwa faini au anafungwa. Hilo ni jepesi kuandika, na nadhani ndilo jambo ambalo watunga sheria huliamini kupita kiasi. Adhabu humpata aliyekamatwa, na mnyama mgonjwa aliyeuzwa usiku kwa dalali wa wilaya nyingine hakamatwi kirahisi. Wafugaji wa nguruwe wa pembezoni mwa Dar wanaijua hesabu hii. Fununu ya homa ya nguruwe ikisikika kwa jirani, wapo wanaouza harakaharaka kabla karantini haijatangazwa, na nyama inauondoa ugonjwa kwenye mtaa mmoja na kuupeleka mitaa mitano.

Dawa ya hapo ni fidia, na mfano wa wazi ni Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 19 London iliendeshwa kwa farasi: mabasi, teksi, mikokoteni ya bia na makaa ya mawe. Mabanda yalikuwa makubwa, farasi wamebanana, na glandasi ilikuwa humo ndani. Kulikuwa na kipimo kinachoitwa maleini, ambacho kimetengenezwa kwa bakteria wenyewe wakiwa wamekufa. Kwa njia iliyokuja kuzoeleka baadaye, daktari anachoma kiasi kidogo kwenye kope la chini la farasi, anarudi baada ya siku mbili. Kama farasi ana ugonjwa, kope limevimba na jicho linatoka usaha, hata kama farasi mwenyewe anakula vizuri na jana alivuta mzigo mchana kutwa. Hebu jiweke mahali pa mwenye farasi. Mnyama wako anafanya kazi, anakuingizia pesa, halafu mtu anakuja kuhukumu kifo kwa kutazama kope. Nani atamfungulia mlango?

Amri ya Glandasi ya mwaka 1907 ilifungamanisha mambo matatu: kipimo, kuchinjwa kwa lazima kwa anayebainika, na malipo kwa mwenye mnyama. Kufikia mwaka 1928 ugonjwa ukawa umekwisha nchini humo. Tusiipe sheria sifa zote, lakini. Miaka hiyohiyo magari ya petroli yaliwafukuza farasi barabarani, na ugonjwa wa mabanda hauna pa kukaa mabanda yakifungwa. Hata hivyo tangu hapo somo la fidia halijabadilika sana: lipa pungufu kwa mnyama aliyekwisha kudhoofika, lipa vizuri kwa aliyechinjwa mapema, na lipa haraka. Mwenye punda akijua kwamba kila siku ya kusubiri inapunguza malipo yake, simu itapigwa asubuhi.

Si kila sheria huamuru kuua. Marekani wana ugonjwa unaoitwa anemia ambukizi ya farasi, wa kirusi cha jamii moja na kile cha UKIMWI. Farasi akiupata anaubeba maisha yake yote. Tangu miaka ya 1970 hupimwa kwa kipimo cha damu cha daktari Leroy Coggins, na bila karatasi yake huvuki mpaka wa jimbo wala huingii uwanja wa mashindano. Akibainika, mwenye farasi huchagua: auawe, au apigwe chapa ya kudumu na kutengwa mpaka kufa, umbali wa yadi 200, yaani kama mita 180, kutoka kwa farasi mwingine yeyote. Umbali huo una maana yake. Anayeueneza ugonjwa ni nzi wakubwa wanaouma, ambao wakifukuzwa kabla ya kushiba damu humrukia mnyama wa karibu. Wa mbali hivyo hawamfuati.

Ukuta wenye tundu

Kwa mafua, kisa ninachokiona kina mafunzo kuliko vyote ni cha Australia mwaka 2007, nchi ileile iliyowakatalia farasi wa Olimpiki.

Mwezi Agosti madume ya kupandisha yaliyoletwa kutoka nje, yakiwamo yaliyotoka Japani, yalikuwa karantini katika kituo cha Eastern Creek, magharibi mwa Sydney. Japani yenyewe ilikuwa imezukiwa na mafua ya farasi mwezi huohuo. Australia haikuwahi kuwa nayo. Farasi wake hawakuwa na chanjo wala kinga yoyote. Tarehe 24 Agosti ugonjwa ukathibitishwa kwenye mabanda ya Centennial Park, katikati ya jiji, kwa farasi wa kawaida wa kupanda wasio na uhusiano na madume yale. Kirusi kilikuwa kimeshatoka. Na kilikuwa kimetoka siku kadhaa nyuma, kwa sababu mwishoni mwa juma lililotangulia farasi wengi walikutana kwenye mashindano ya Maitland, kisha kila mmoja akapandishwa gari kurudi kwao.

Kilichofuata ndicho chombo kikali kuliko vyote katika sheria hizi: amri ya kila farasi kubaki alipo. Haichagui mgonjwa na mzima. Nchi nzima ilisimamishwa kwa saa 72, na katika majimbo ya New South Wales na Queensland amri ikaendelea. Huko Warwick, Queensland, watu waliokuja kwenye uwanja wa Morgan Park kwa mashindano ya siku mbili tatu walijikuta wamefungiwa humo pamoja na farasi wao kwa majuma. Mashindano makubwa ya majira ya kuchipua ya Sydney yakafutwa. Mafundi wa viatu vya farasi, madereva, wauza majani, wapiga picha, wote wakakaa bila kazi, na wengi wao hawakuwa hata na farasi mmoja.

Halafu ramani ikapakwa rangi. Maeneo ya kijani hayakuwa na ugonjwa, ya chungwa na mekundu yalizunguka hatari, na ya zambarau yalikuwa yale ambako ugonjwa ulishaenea mno. Ndani ya zambarau farasi waliruhusiwa kutembea na hata kushindana, ila si kutoka. Watu waliona kama serikali imesalimu amri. Mimi naona ilikuwa akili: ukiwa na watumishi wachache, huwalindishi mahali palipokwisha kuungua ukaacha uzio wa palipo pazima. Mwishoni mwa Septemba chanjo ikaanza, kwanza kama ukanda wa kuuzingira ugonjwa.

Maambukizi yalikoma Desemba 2007. Farasi zaidi ya 70,000 walikuwa wameugua, katika mashamba na mabanda kama 10,000, na Australia ikarudi kuwa nchi isiyo na mafua ya farasi. Baada ya mlipuko mkubwa namna ile, hilo si jambo la kawaida.

Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Ian Callinan ilipochunguza, ilikuta kanuni za kituo cha karantini zimeandikwa vizuri tu. Zilizokosekana ni utekelezaji na ukaguzi. Watu waliowashika farasi walitoka bila kulazimishwa kuoga na kubadili nguo, na tume ikaona uwezekano mkubwa ni kwamba kirusi kilitoka na mtu au kifaa kilichochafuka. Sheria nzima ya nchi, mipaka ya bahari kila upande, ikaponyokea kwenye bomba la kuogea ambalo hakuna aliyesimama kuhakikisha linatumika.

Wenye farasi waliishtaki serikali kudai hasara. Mwaka 2014 mahakama ikawakatalia. Jingine halikusikika sana: wakati wa mlipuko, sekta ya farasi haikuwamo kwenye mkataba wa mwaka 2002 ambao serikali na wafugaji wengine walikuwa wamekubaliana nani analipa nini dharura ikitokea. Mwaka 2011 ikaingia, na bunge likapitisha tozo kwenye vyakula vya farasi vya kiwandani na dawa za minyoo, ikianza na kiwango cha sifuri. Tozo hiyo hailipwi mpaka siku deni la mlipuko litakapokuwapo. Nimeipenda hii. Ugomvi wa nani alipe umemalizwa wakati watu wametulia.

Usubi, pundamilia na ramani ya dunia

Turudi Afrika. Homa ya farasi ni ya zamani huku. Padri Monclaro, aliyefuatana na Wareno, aliandika kuhusu farasi walioletwa kutoka India wakifa Afrika ya Mashariki na Kati mnamo mwaka 1569. Rasi ya Tumaini Jema iliwahi kupoteza karibu farasi 70,000 katika mlipuko wa 1854 hadi 1855. Homa hii inapotoka nje ya bara, hufanya makubwa: kati ya 1959 na 1961 iliua farasi, punda na baghala zaidi ya 300,000 Mashariki ya Kati na Asia ya Kusini.

Kwa ugonjwa wa wadudu sheria hubadilika sura. Badala ya kuhesabu nani amemgusa nani, inahesabu saa, majira na mwinuko wa ardhi. Usubi huuma zaidi kuanzia machweo hadi macheo, kwa hiyo farasi huamriwa kuingizwa ndani kabla jua halijazama. Thailand ilipopigwa mwaka 2020, mlipuko wa kwanza wa homa hii nchini humo, farasi zaidi ya 500 walikufa, na mabanda yakavikwa vyandarua kutoka paa hadi sakafuni. Chandarua cha kawaida cha mbu hakitoshi hapo. Usubi ana milimita 1 hadi 3, na tundu linalomzuia mbu yeye anapita, hivyo kitambaa lazima kiwe chenye nyuzi za karibu zaidi.

Ugonjwa uliingiaje Thailand? Walioshukiwa zaidi ni pundamilia walioingizwa nchini, na serikali ikasimamisha uingizaji wao. Hispania ilikuwa imeyaona hayo tangu 1987, pundamilia kutoka Namibia walipopelekwa kwenye bustani ya wanyama karibu na Madrid na homa ikakaa nchini mpaka 1990. Hapa ndipo maneno ya sheria yanapokuwa na uzito. Sheria ikitaja "farasi na punda" pekee, pundamilia anapita akiwa mnyamapori wa maonyesho, na karatasi zake zote ni halali.

Chanjo ipo, lakini imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na kirusi chenyewe kina aina tisa. Afrika Kusini wamegawa Rasi ya Magharibi katika kanda: eneo huru lililo Cape Town, linalozungukwa na eneo la uangalizi, kisha la ulinzi. Ndani ya kanda hizo huwezi kumchanja farasi unavyotaka. Unahitaji ruhusa, na hupewa kwa miezi ya baridi, usubi wanapokuwa wachache, kwa sababu milipuko kadhaa huko ilikuja kubainika kwamba imetokana na kirusi cha chanjo kilichorudia ukali wake. Kumzuia mtu kumchanja mnyama wake kunasikika kinyume na akili, mpaka ujue hilo. Na kwa sababu Ulaya iliwahi kuwafungia mlango wa moja kwa moja, kwa miaka mingi farasi wa Afrika Kusini walikuwa wanapitia Mauritius kukaa huko kwanza, ndipo waende.

Sheria ya kila nchi imefungwa kwenye sheria ya nchi nyingine kupitia Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao Paris. Lilianzishwa mwaka 1924, baada ya ng'ombe wa kutoka Asia waliokuwa wakipita bandari ya Antwerp kuleta sotoka Ubelgiji mwaka 1920. Nchi mwanachama ikithibitisha mlipuko wa ugonjwa ulioorodheshwa inatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24. Homa ya farasi ya Afrika ni miongoni mwa magonjwa machache ambayo shirika lenyewe hutoa cheti cha nchi kuwa huru nayo. Sisi na majirani zetu hatumo kwenye orodha hiyo, wala si aibu: tuna usubi, tuna joto, tuna pundamilia kwa maelfu. Ila mwenye farasi wa Dar anayeota kumpeleka mashindanoni Ulaya ajue kwamba atakutana na ramani kabla ya kukutana na washindani.

Sheria yetu na mwenye punda

Tanzania Bara tuna Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, pamoja na Sheria ya Veterinari ya mwaka huohuo inayosema nani anaruhusiwa kujiita daktari wa mifugo. Mamlaka yako kwa Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari na wakaguzi wake: kuingia kwenye zizi, kuchukua sampuli, kuweka karantini, kuzuia mnada, kuamuru mnyama aangamizwe. Sampuli huenda Wakala ya Maabara ya Veterinari, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Temeke. Mifugo si suala la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina mamlaka yake, na anayetaka kumvusha farasi au kihongwe kutoka Dar kwenda Unguja anashughulika na pande mbili.

Sehemu ya sheria inayoonekana kwa macho zaidi ni kibali cha kusafirisha mifugo. Nenda mnada wa Pugu uone ng'ombe wakishushwa kwenye malori. Dereva ana karatasi inayosema wanyama wangapi, wametoka wapi, wanakwenda wapi, na mtaalamu gani amewaona. Wengi huichukulia kama ushuru mwingine tu wa njiani. Thamani yake hasa huonekana baadaye, siku ugonjwa unapothibitishwa, maana ndipo mkaguzi anapoanza kurudi nyuma: lori hili lilipita wapi, liliegesha usiku wapi, wanyama wengine walishushwa wapi. Kibali chenye idadi ya uongo humkatia njia palepale.

Punda ndiye anayenitia wasiwasi. Farasi wa polisi wana daktari, wana kumbukumbu za chanjo, wanajulikana mmoja mmoja. Punda wa mkokoteni hununuliwa kwa maneno na kuuzwa kwa maneno. Mwaka 2019 mafua ya farasi yalipita Afrika Magharibi na kuua maelfu ya punda, hasa Niger, wakati ambapo biashara ya ngozi za punda kwa ajili ya dawa ya Kichina ya ejiao ilikuwa ikiwakusanya wanyama kutoka mbali na kuwachanganya sokoni. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara hiyo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaridhia zuio la bara zima. Mjadala ulikuwa wa punda kwisha na wa ukatili. Wa magonjwa haukupewa nafasi kubwa, ingawa marufuku hiyo imefunga njia moja pana ya maambukizi. Njia iliyobaki ni ya magendo, na punda wa magendo hana kibali wala daktari.

Karantini huisha lini

Hili ndilo swali ambalo mwenye mnyama huuliza la kwanza na kujibiwa la mwisho. Jibu hutegemea muda ambao mnyama anaweza kuendelea kuambukiza. Kwa mafua ya farasi, kanuni za kimataifa huhesabu siku 21. Kwa homa ya farasi ya Afrika ni siku 40. Glandasi inaweza kujificha miezi sita kabla haijajitokeza, na farasi aliyeipata hahesabiwi kupona.

Hesabu huanzia kwa mgonjwa wa mwisho, si wa kwanza, na hapo ndipo watu wanapokosana na maofisa. Umefungiwa siku 18, zimebaki tatu, punda wa jirani ndani ya eneo lilelile anaanza kukohoa. Unarudi sifuri. Kisha banda linasafishwa: mbolea inaondolewa, kuta zinasuguliwa kwa sabuni, ndipo dawa ya kuua vimelea inapopigwa, maana juu ya uchafu dawa hiyo haifanyi kazi yake. Lijamu na kamba zinaloweshwa, za nyuzi zilizochakaa zinachomwa. Na karantini haifi yenyewe siku zikitimia. Iliwekwa kwa amri, inaondolewa kwa amri, kwa maandishi, na mpaka karatasi hiyo ifike, punda aliyepona na kunenepa kwa mapumziko bado haruhusiwi kutoka getini.